Marehemu wa Kikosi cha Tenuque Aliitika

Kwa kawaida marehemu haitiki jina lake mwenyewe. Hilo ni jambo ambalo Kikosi cha Wazimamoto wa Kujitolea cha Tenuque hakikuliweka katika kanuni zake, kwa kuwa waanzilishi waliona halina haja ya kuandikwa.

Ilikuwa Jumapili, saa tano asubuhi, mvua inanyesha kama ilivyokuwa ikinyesha tangu Alhamisi ya wiki iliyotangulia, na kikosi kilikuwa kinatimiza miaka mia moja. Ukumbi wa kituo ulinuka nguo za sufu zilizoloa, moshi wa kuni na maandazi ya viazi yaliyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Wazimamoto sitini walisimama kwa mistari, makoti mekundu, vifungo vimesuguliwa mpaka mtu angeweza kujinyolea ndevu mbele yake. Kwenye kiti cha mjane wa shahidi alikaa Bi Ludmila, miaka sabini na miwili, mkoba magotini. Pembeni alisimama mtangazaji wa redio ya kisiwa na kipaza sauti chake, maana sherehe hii hurushwa moja kwa moja kila mwaka, na hakuna nyumba Tenuque isiyosikiliza.

Orfelina Mansilla, karani wa kikosi, alifungua daftari la majina. Desturi ni kuanza na ukurasa wa mashahidi, yaani wale waliofia kazini. Kwa miaka mia, Tenuque ilikuwa imempata mmoja tu, na huyo alikuwa baba yake, aliyeungua miezi saba kabla yeye hajazaliwa.

"Dagoberto Mansilla!" akaita.

Akangoja kidogo, pumzi moja, kama alivyozoea. Hapo ndipo kikosi kizima hutakiwa kumwitikia marehemu kwa niaba yake, "Amefia kazini!", kwa nguvu ya kutikisa vioo. Watu sitini walikuwa wamekwisha kujaza vifua hewa.

"Nipo!" ikasema sauti mlangoni.

Ile hewa ya vifua sitini haikutoka. Kapteni Heriberto Oyarzo aliishikilia ya kwake mpaka uso ukawa rangi moja na koti. Mpiga tarumbeta, aliyekuwa ameweka midomo tayari, alitoa mlio mmoja wa mbuzi aliyekanyagwa mkia. Meno ya bandia ya Mzee Custodio Barría, mkongwe wa kikosi, yalichomoka yenyewe yakatumbukia ndani ya bilauri ya chicha, pombe ya matufaha, na hakuna aliyecheka. Na huko majumbani, kwenye majiko, wanawake waliganda na miko mikononi. Hadi leo husemwa kwamba siku ile Tenuque nzima ilikula mkate uliokuwa mkaa.

Mlangoni alisimama mzee mrefu, koti la ngozi ya kondoo, kofia mkononi, maji yakimchuruzika puani. Mkono mmoja ulikuwa bado juu, kama wa mwanafunzi.

"Nani huyo?" Kapteni akauliza, hewa ikimtoka kwa mara moja.

"Nimeitwa, nikaitika," mzee alisema. "Mniwie radhi, nimechelewa."

Kuchelewa! Miaka hamsini!

Orfelina alijikuta hatazami mlango, anatazama meza. Juu ya meza kulikuwa na vitabu mia mbili vipya, bado vinanuka wino. Alikuwa amekiandika mwenyewe kitabu hicho, vipupwe vinne, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Historia yote ya kikosi ilikuwamo. Jinsi wanaume tisa walivyoagiza pampu kutoka ng'ambo mwaka elfu moja mia tisa na kumi na moja, ikafika bila mipira ya maji, nayo mipira ikafika miaka miwili baadaye, na katikati wakazima mioto kwa ndoo na matusi. Jinsi kituo cha kwanza kilivyowaka siku ileile ya kufunguliwa, kwa sababu ya moto wa kupikia sherehe, na jinsi wazimamoto walivyoweka rekodi ya kuwahi ambayo haijavunjwa mpaka leo, kwa kuwa walikuwa wamo ndani. Jinsi ng'ombe dume aliyevuta pampu alivyokataa kutembea bila kupigiwa kodiani, hivyo kwa miaka kumi na tisa kikosi kilifika kwenye misiba ya watu kwa muziki wa kucheza, na wenye nyumba wakachukia. Jinsi mawimbi ya tetemeko la mwaka wa sitini yalivyoibeba pampu hadi kisiwa cha jirani, nacho kisiwa kikairudisha baada ya miezi miwili, pamoja na barua ya shukrani kwamba imewazimia mioto miwili.

Hayo yote yalikuwa ya kuchekesha, na aliyaandika yachekeshe. Lakini jalada halikuwa la kuchekesha. Kwenye jalada kulikuwa na kijana wa miaka ishirini na mitano, kofia ya shaba kichwani, akitazama mbali.

Ukurasa wa arobaini na moja: kiwanda cha mbao cha Mzee Paredes, Septemba ya mwaka wa sitini na moja. Dagoberto alishika mdomo wa mpira akaingia ndani, Custodio nyuma yake amebeba mpira begani. Ukuta wa nyuma ukaanguka. Custodio alivutwa miguu na wenzake akatoka bila nyusi, Dagoberto hakutoka. Kesho yake wakaokota kofia yake ya shaba, na kando ya kofia, mifupa iliyoungua. Jeneza likapigiliwa misumari, kaburi la kikosi likafunguliwa, na visiwa vinne vikaja kuzika. Orfelina aliyajua hayo kabla hajajua kusoma. Watoto wengine walikuwa na baba wa kuwavuta masikio. Yeye alikuwa na baba wa ukutani, na huyo hakuwahi kumkosea hata siku moja.

Kapteni alimsogelea karani wake, akainama sikioni.

"Sema neno moja tu, Orfelina," akanong'ona. "Sema siye. Wendawazimu wamejaa kila mahali. Tutampa supu, tutampandisha feri, yamekwisha. Nani atamjua?"

Aliyasema hayo kando ya kipaza sauti, kwa hiyo kisiwa kizima kilisikia habari ya supu.

Orfelina alitazama daftari. Mkono ulikuwa na kalamu, kalamu ilikuwa juu ya karatasi, na wote waliokuwamo walijua kwa nini. Kanuni ya nne ya kikosi inasema: aliyeitwa akaitika ataandikwa; daftari halifungwi mpaka aandikwe; na mlango haufunguliwi mpaka daftari lifungwe. Waanzilishi waliitunga kwa ajili ya wale waliokuwa wakiitika kisha wakitoroka kwenda kulewa. Hawakufikiri itakuja siku karani atatakiwa aandike kwamba baba yake hakufa, na kwa maana hiyo hakuwa shujaa. Akiandika "siye", angebaki na baba wa ukutani. Akiandika "ndiye", angebaki na huyu anayechuruzika.

Bi Ludmila akainuka.

"Mama, kaa," Orfelina akasema.

"Nimekaa miaka hamsini."

Alitembea katikati ya mistari ya makoti mekundu, taratibu, watu wakimpisha kama wanavyopisha jeneza. Alipomfikia mzee alimshika kidevu, akakigeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akafunua nywele nyuma ya sikio la kushoto. Palikuwa na kovu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtia, kwa ndoana ya kuvulia, wakiwa wachumba.

"Ndiye," alisema.

Kisha akamzaba kofi. Redio ililirusha lile kofi hadi bara, na wanaosema lilivuka milima likasikika Argentina hawako mbali sana na ukweli.

"Hujambo, Ludmila," mzee alisema, mkono shavuni.

"Sijambo! Nilivaa nguo nyeusi miaka kumi na mmoja, wewe mtu. Nyeusi hainipendezi, na ulijua hainipendezi! Hata barua?"

"Marehemu ataandikaje barua?"

"Kwa kalamu!"

Mvua ilikuwa ikichagua paa. Ndipo Mzee Custodio, aliyekuwa akipapasa bilauri muda wote huo, alipopata meno yake, akayarudisha mdomoni yakiwa na ladha ya tufaha, na akainua kidole.

"Ngojeni," alisema. "Ngojeni kwanza. Kama huyu yuko hapa, kule kaburini tumemzika nani?"

Hakuna aliyekuwa amefika huko. Walifika wote kwa pamoja, na unaweza kusema waligongana. Mtangazaji alishusha kipaza sauti, halafu akakiinua tena, maana kazi ni kazi.

Dagoberto Mansilla aliitazama kofia yake. Akaizungusha mara moja, mara mbili.

"Kulikuwa na nguruwe," alisema.

"Nguruwe gani!" Custodio akafoka. "Mzee Paredes aliapa mbele yetu: nguruwe wake kumi na mmoja wote walikimbia!"

"Kumi na mmoja walikuwa wake. Wa kumi na mbili alikuwa wa padri, ameibwa Jumanne. Ulitaka Paredes aape vipi?"

Custodio akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Nilimkuta kwenye kona," Dagoberto aliendelea, na alisema taratibu kama mtu anayehesabu ngazi gizani. "Nilikuwa nimeanza kuogopa, na yeye anaogopa. Nikavua kofia, nikamchotea maji. Ndiyo hivyo mkaikuta pale. Alikunywa. Halafu ukuta ukaanguka, pakatokea tundu, kubwa kama mlango, na nje kuna hewa. Nikamwambia twende. Hakwenda. Mimi nikaenda."

"Ukauacha mpira," Custodio alisema.

"Nikauacha."

"Mimi nimeushika kwa nyuma."

"Nilijua umeushika."

Mzee Custodio akaketi juu ya ndoo bila kuangalia kama kuna ndoo. Kwa bahati ilikuwapo.

"Miaka hamsini," alisema, "kila Septemba, nampelekea maua. Nasimama pale namwambia, nisamehe, ndugu yangu, sikukuvuta kwa nguvu. Nguruwe! Nimemwomba msamaha nguruwe! Na yale meno niliyaona, jamani, mimi ndiye niliyeokota. Nikasema, Dagoberto hakuwa na meno haya. Kapteni wa siku zile akaniambia, 'Nyamaza, Custodio, moto huvimbisha meno.' Nikanyamaza. Nani angebisha na kapteni? Askofu akamnyunyizia maji ya baraka! Bendi ikampigia!"

Huko nyuma mzimamoto mmoja akavua kofia. Hakujua kwa nini ameivua, wala kwa ajili ya nani, na mwenzake akavua, na wa tatu, mpaka ukumbi mzima ukawa vichwa wazi. Watu waliduwaa kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka maandazi ya viazi, na ni mara ya kwanza na ya mwisho katika historia ya kikosi maandazi ya viazi kupoa.

Orfelina aliweka kalamu mezani.

"Ulikwenda wapi?" aliuliza.

Mzee aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama, na alimtazama harakaharaka, kama mtu anayetazama jua.

"Pwani. Kulikuwa na mashua ya wakata manyoya ya kondoo wanakwenda Argentina. Nikasema nitakwenda siku tatu, woga ukitoka nitarudi. Bandari ya pili tukakuta kengele zinalia. Nikamuuliza muuza mkate, nani kafa? Akaniambia, Dagoberto Mansilla wa Tenuque, shujaa, hana mfano wake. Akanipa mkate bure, kwa ajili ya roho ya marehemu." Akaizungusha tena kofia. "Nikaula. Mtu akishakula mkate wa matanga yake, akishazikwa na visiwa vinne, anarudi na uso gani?"

"Huohuo ulionao," Bi Ludmila akasema. "Pua ingekutangulia."

"Na leo?" Orfelina akauliza. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Ulikaa miaka hamsini, ungekaa wa hamsini na moja. Ungekufa kwa utulivu huko na kondoo wako. Nilikuwa na kitabu tayari. Nilikuwa na, nilikuwa na kila kitu. Kwa nini uliitika?"

"Kwa sababu unangoja."

"Nangoja nini?"

"Redio hii hufika kule, upepo ukiwa mzuri. Kila mwaka nilikaa kwenye kibanda nikajisikiliza nikiitwa. Miaka arobaini na sita aliita mwanamume. Anaita, wanaitikia, 'Amefia kazini!', nami nazima redio, nalala. Mtu huzoea. Halafu miaka minne iliyopita akaanza mwanamke. Mtangazaji akasema, huyu ni binti wa shahidi. Sikuwa na habari kwamba nina mtoto, Ludmila hakuwa ameniambia."

"Nilikuwa nakungojea urudi jioni nikuambie," Bi Ludmila alisema, na kwa mara ya kwanza hakufoka.

Mzee aliinamisha kichwa, kisha akaendelea, akimwelekea Orfelina.

"Lakini si hilo tu. Wale wanaume hawakungoja. Wewe ukiita, unanyamaza kidogo kabla wenzako hawajaitikia. Pumzi moja. Kama mtu aliyegonga mlango akasikiliza. Mwaka wa kwanza nikasema, kakohoa. Wa pili nikasema, redio mbovu. Wa tatu nikatoka nje ya kibanda nikakaa na kondoo mpaka wakanikimbia. Mtu atagongewa mara ngapi anyamaze tu?"

Habari ya nguruwe ilikuwa imewaduwaza watu wote. Hii ilimduwaza Orfelina peke yake. Alidhani pumzi ile ni siri yake. Hakumwambia mama yake, hakumwambia padri. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiambia waziwazi. Tangu alipokuwa na miaka sita, katika mstari wa mbele, akiwa amevaa soksi nyeupe, kila jina hilo lilipoitwa alikaza masikio, kabla ya ule mngurumo wa wanaume, pengine. Pengine tu. Na alipopewa daftari aliirefusha ile pengine kwa pumzi moja, akadhani hakuna anayesikia.

Kapteni Oyarzo alikohoa. Alikuwa mtu mwema ila alipenda mambo yaishe.

"Karani, ukumbi unangoja. Watu wana njaa. Unaandika nini?"

Orfelina alichukua rula. Alichukua kalamu nyekundu. Ukurasa wa mashahidi ulikuwa mweupe, na jina lile lilikuwa limeandikwa kwa herufi za mapambo, na mtu aliyekufa zamani. Alipiga mstari katikati ya jina, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukumbi uliugua kwa sauti, kama nyumba ya mbao inayosukumwa na upepo, na Custodio alifumba macho.

Akaandika, kisha akasoma kwa sauti ya karani:

"Dagoberto Mansilla. Ameitwa, ameitika. Kwa mujibu wa kanuni ya kumi na tisa, aliyeacha mpira kwenye moto anafukuzwa. Anayepinga anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mzee naye hakunyoosha.

"Ni haki," alisema. Akavaa kofia yake. "Ahsante kwa kuniita."

Akageuka kuushika mlango.

"Mlango haufunguliwi," Orfelina alisema. "Daftari halijafungwa."

"Umeshaniandika."

"Nimemwandika yule. Yule amekwisha." Alifunua kurasa, nyingi, mpaka mwisho kabisa wa daftari, ambako karatasi zilikuwa bado zimeshikana. "Hapa kuna ukurasa wa wanaoomba kujiunga. Wewe unaomba, au umekuja kuloanisha sakafu?"

Mzee alitazama nyuma yake aone anaambiwa nani.

"Orfelina!" Kapteni akasema. "Ana miaka sabini na mitano!"

"Kanuni inasema mwombaji asiwe chini ya miaka kumi na minane. Kapteni unamwona yuko chini?"

"Lakini ngazi! Atapanda ngazi vipi?"

"Hata wewe huipandi siku hizi, Kapteni," sauti ikasema kutoka mstari wa nyuma, na watu wakacheka kicheko kifupi cha woga, cha kwanza tangu saa tano.

"Mwombaji anahitaji mdhamini," Kapteni alisema. "Mwanachama wa kikosi amsimamie. Na wewe karani huruhusiwi. Haya, nani?"

Kila mmoja aliangalia viatu vya mwenzake. Kumsimamia mtu kikosini ni kuapa kwamba hataacha mpira, na mbele yao alikuwa mtu mmoja tu katika miaka mia aliyeandikwa kwa wino mwekundu kwamba aliuacha. Orfelina alingoja, akatazama mistari. Alikuwa ameshapoteza baba mmoja asubuhi ile. Hakujua kama angeweza kumtazama wa pili akitoka mlangoni, na sasa kisiwa kizima kinasikiliza.

"Mimi," akasema Mzee Custodio.

Alikuwa bado amekaa juu ya ndoo.

"Wewe?" Kapteni hakuamini. "Custodio, huyu ndiye aliyekuacha!"

"Sasa nani mwingine? Nyinyi aliwaacha lini? Mlikuwa hamjazaliwa." Aliinuka kwa shida, akamwendea Dagoberto, akasimama naye kifua kwa kifua, ingawa yeye alimfika kwapani. "Sikiliza, mtu wangu. Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuarifu. Lakini utaamka alfajiri, utaosha mipira yote ya kituo, utaianika, utaikunja, na mimi nitaweka kiti nikutazame. Kila siku. Mpaka mmoja wetu afe kwelikweli. Na safari hii nitakagua meno mwenyewe."

"Sawa, Custodio," Dagoberto alisema, na kidevu kikaanza kumcheza.

"Usilie hapa. Mimi nimelia vya kutosha, tena kwa ajili ya nguruwe."

Orfelina alikuwa amekwisha kuandika tarehe. Aliuliza maswali ya fomu moja moja, kwa mpangilio, bila kuinua macho, kwa kuwa angeyainua yasingerudi kwenye karatasi.

"Jina?"

"Dagoberto Mansilla."

"Umri?"

"Sabini na mitano."

"Kazi?"

"Kukata manyoya ya kondoo."

"Anwani?"

Mzee alisita, akamtazama Bi Ludmila kwa pembe ya jicho.

"Kwangu asitaje!" Bi Ludmila akasema. "Nina paka."

"Kituoni, chumba cha zamu," Orfelina aliandika. Akashuka mstari mmoja. Swali la mwisho lilikuwa limechapwa pale tangu enzi za wanaume tisa, na alikuwa ameliuliza vijana wengi, nao walikuwa wakilijibu wakicheka. Alilisoma moyoni kwanza. Kisha akalisoma kwa sauti.

"Ukipatwa na ajali kazini, aarifiwe nani?"

Dagoberto aliutazama ukumbi, zile kofia mikononi, kipaza sauti, jiko, vile vitabu mia mbili vyenye uso wake wa zamani.

"Sina mtu," alisema. "Acha wazi."

"Haiachwi wazi."

"Basi sijui, karani. Sina haki ya kumtaja mtu."

Kalamu ilibaki juu ya mstari. Wino ulijikusanya kwenye ncha, ukawa tone, ukaanza kufikiria kuanguka.

"Andika lako, mwanangu," Bi Ludmila alisema. Alikuwa amekwisha kurudi kwenye kiti, si kile cha mjane, kile cha pembeni yake, mkoba magotini. "Langu usilitie."

Orfelina akaandika jina lake. Baada ya jina kulikuwa na nafasi ndogo, imeandikwa uhusiano. Aliitazama kwa muda. Mkono ulikuwa mzito kama umebeba mpira uliojaa maji. Akaandika binti, na kalamu ikatoboa karatasi kwenye herufi ya mwisho.

Mtangazaji, aliyekuwa hajatamka neno tangu saa tano, alishindwa kujizuia. "Ameandika nini?" akauliza kwa sauti ya chini. "Bi karani, wasikilizaji wanataka kujua. Umeandika nini?"

Orfelina alifunga daftari, akaweka viganja vyote viwili juu yake.

"Fungueni mlango," alisema. "Na huyo mpya mpeni taulo."